Dizeli Iliyomo Ndani ya Lita ya Maziwa

Ninafuga ng'ombe wa maziwa Machame, upande wa kusini wa Mlima Kilimanjaro, na kabla ya hapo nilikuwa afisa mifugo katika kata za wilaya ya Hai. Watu wakisikia kwamba shambani kwetu hatutii mbolea ya viwandani, huniuliza kama kweli maziwa ya kilimo hai yanakula nishati kidogo kuliko ya kawaida, au hayo ni maneno ya kuuzia tu. Huwajibu kwamba yanaweza, na tofauti inaweza kuwa kubwa. Ila cheti hakipunguzi hata tone moja la dizeli. Kinachopunguza ni mahali naitrojeni ya shamba inakotoka, na njia inayopitwa na majani mpaka yafike kwenye hori.

Nianze na naitrojeni, kwa sababu ndiyo mlaji mkubwa asiyeonekana. Majani hayastawi bila hiyo, na ng'ombe hatoi maziwa bila protini, ambayo haiundiki pasipo naitrojeni hiyo hiyo. Hewa imejaa naitrojeni, lakini mmea hauwezi kuichukua kutoka humo moja kwa moja. Mwanzoni mwa karne ya 20, Wajerumani wawili, Fritz Haber na Carl Bosch, walipata njia ya kuinasa kiwandani kwa joto kali na mgandamizo mkubwa, na kiwanda cha kwanza kikaanza kazi mwaka 1913. Mpaka leo mbolea ya naitrojeni hutengenezwa kwa njia hiyo, na sehemu kubwa yake hutokana na gesi asilia. Gesi huchomwa kutoa joto, na gesi hiyo hiyo ndiyo inayotoa haidrojeni ya kuungana na naitrojeni.

Mfuko wa urea wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni. Makadirio yanayotumika sana ni megajuli 50 hivi kwa kila kilo ya naitrojeni. Viwanda vipya hutumia pungufu, vikuukuu hutumia zaidi. Mfuko mmoja basi umekula kama megajuli 1,150. Lita moja ya dizeli ina megajuli 36 hivi. Kwa hiyo mfuko anaotoka nao mtu dukani Boma Ng'ombe, ameuweka begani, umebeba zaidi ya lita 30 za dizeli ambazo haoni wala hasikii harufu yake. Hapo sijahesabu meli iliyouleta bandarini wala lori lililoupandisha huku kaskazini.

Wafugaji wengi walikuja kulijua jambo hili kupitia mfukoni. Bei ya gesi ilipopanda duniani mwaka 2021, kisha vita ya Ukraine ikaanza Februari 2022, urea nayo ilipaa, na msimu wa 2022/23 serikali ikatoa ruzuku ya mbolea. Mtu mwenye robo eka ya mabingobingo kando ya kihamba chake (shamba la migomba linalozunguka nyumba) hakuwa na uhusiano wowote na mabomba ya gesi ya Ulaya, lakini bei ya gesi ile ilimfikia hadi kwenye hori la ng'ombe wake.

Sasa, Ulaya wamelipima jambo hili kwa makini kuliko sisi. Uholanzi, utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulifuatilia nishati yote iliyotumika mpaka maziwa yanatoka getini kwa mfugaji, pamoja na ile iliyojificha ndani ya mbolea na chakula cha kununua. Mashamba ya kawaida yalitumia megajuli 5.0 kwa kila kilo ya maziwa, ya kilimo hai 3.1. Huko Allgäu, kusini mwa Ujerumani, nchi ya majani na milima, utafiti wa mwaka 2001 ulikuta megajuli 2.7 kwa kilo katika mashamba yanayozalisha kwa nguvu, na 1.2 katika yale ya kilimo hai. Kwa kupima nambari hizo, kumbuka kwamba lita ya maziwa humpa mnywaji karibu megajuli 2.8. Mfugaji wa kawaida wa Uholanzi alikuwa anachoma karibu nishati mara mbili ya ile anayoitoa.

Sehemu kubwa ya tofauti haikutoka kwenye mashine za kukamulia wala trekta. Ilitoka kwenye mbolea ambayo wafugaji wa kilimo hai hawakuinunua, na kwenye chakula cha viwandani walichokinunua kwa uchache. Majani yao yalilishwa na klova, mmea wa jamii ya kunde unaonasa naitrojeni kwa mizizi yake, na samadi ya ng'ombe wao wenyewe. Lakini pana gharama, na nailaumu mikutano mingi ya kilimo hai kwa kuipita haraka: walihitaji ardhi zaidi. Kule Uholanzi ilikuwa mita za mraba 1.8 kwa kila kilo ya maziwa dhidi ya 1.3. Kule Allgäu, ukihesabu gesi zote zinazopasha dunia joto, pamoja na ile ya kucheua, tani ya maziwa ya kilimo hai ilitoka sawasawa na ya kawaida. Nishati ni hesabu moja, hewa ni nyingine, na mtu asizichanganye ili kuuza maziwa yake.

Ardhi ndiyo tusiyokuwa nayo. Kihamba cha Machame mara nyingi hakifiki hekta moja, kimejaa migomba, kahawa, magimbi na miti ya kivuli, na kila kizazi kinakigawa tena. Haiwezekani kuwaiga wa Allgäu kwa kuwaachia ng'ombe majani ya kunde mpaka upeo wa macho. Ndiyo maana hesabu ya huku inabidi ifanyiwe huku.

Hesabu yenyewe inaanza vizuri. Wachagga walifuga ng'ombe ndani tangu zamani, kabla ya mradi wowote wa kufundisha ufugaji wa ndani, na samadi yao ndiyo iliyoshikilia rutuba ya migomba kwa vizazi. Maji yanateremka yenyewe kwa mifongo, mifereji iliyochimbwa na wazee wetu kutoka kwenye mito ya mlimani. Ng'ombe wa maziwa anaweza kunywa lita 60 au 80 kwa siku, na kwa wengi wetu hakuna pampu inayonguruma kwa ajili hiyo. Tunakamua kwa mikono. Hakuna trekta linaloingia kihambani, halipiti kati ya migomba. Ukimleta hapa mtafiti wa Uholanzi na daftari lake, kurasa nyingi zitabaki tupu.

Kisha linapita gari la mabua.

Kila mwaka, mahindi yakishavunwa tambarare, barabara za kupanda Machame hujaa pikapu zilizosheheni mabua hadi juu ya kabini, kamba zimekazwa huku na huku, gari likipanda kwa gia ya kwanza. Kihamba hakitoshi kumlisha ng'ombe kiangazi chote, kwa hiyo majani hufuatwa chini, Rundugai na Kikavu na kwingineko, kilomita 20, 25, 30. Gari likienda na kurudi kilomita 50, huku nusu ya safari likipanda na mzigo, linakunywa lita sita hivi. Mabua makavu ni makubwa kwa umbo na mepesi kwa uzito. Hata ukiyakanyaga vipi, pikapu haizidi sana kilo 500. Hiyo ni karibu lita moja na robo ya dizeli kwa kila kilo 100 za mabua.

Linganisha na mashudu ya alizeti kutoka Singida. Ni kilomita 400 hivi, na ndiyo chakula ambacho wapenzi wa kilimo hai hukinyooshea kidole kwanza, kwa kuwa kimetoka mbali. Lori la tani 10 linalotumia lita moja kwa kila kilomita tatu litamaliza lita 130 na kitu kufika huku (tuseme linarudi na mzigo mwingine). Gawanya: karibu lita moja na robo kwa kila kilo 100. Ni sawasawa na mabua ya Rundugai! Tena kilo ya mashudu ina protini mara kadhaa ya kilo ya mabua, na wakulima wengi wa alizeti wa kanda ya kati hawatii mbolea ya viwandani. Nilipoiweka hesabu hii mbele ya wafugaji wenzangu walidhani nimekosea nukta. Hawakuamini mpaka tulipoirudia pamoja, tukimuuliza dereva wa pikapu anajaza kiasi gani.

Kwa hiyo siwezi kumwambia mtu kwamba chakula cha karibu siku zote ni chepesi kwa nishati. Gari dogo, lenye mzigo mwepesi, linalopanda mlima, ndilo baya. Ng'ombe wa kilimo hai aliyelishwa mabua ya pikapu miezi minne anaweza kuwa amekula dizeli nyingi kuliko ng'ombe wa jirani aliyewekewa robo mfuko wa urea kwenye mabingobingo ya nyuma ya nyumba. Nasema hivyo nikiwa ni mtu wa kilimo hai na sina mpango wa kuacha.

Lipo jambo jingine ambalo tafiti za Ulaya hazikulihesabu, kwa sababu kwao lilikwisha zamani. Siku moja nilikuwa nimekaa na daftari langu barazani, mama mkwe wangu akapita na mzigo wa majani ya gwatemala kichwani. Akautua, akaniuliza naandika nini. Nikamweleza kwamba nahesabu nishati inayoingia kwa ng'ombe.

"Umeshahesabu dizeli ya gari?"

"Ndiyo, Mama."

"Na hii shingo yangu, mwanangu, umeiandika ukurasa gani?"

Sikuwa na ukurasa. Ng'ombe mmoja anayekamuliwa hula kilo 50 hadi 70 za majani mabichi kwa siku, na mzigo wa kichwani ni kilo 25 au 30. Maana yake ni mizigo miwili au mitatu kwa kila ng'ombe, kila siku inayokuja, Jumapili pia. Anayebeba ni mwanamke au mtoto. Mtu mzima akifanya kazi ngumu siku nzima hutoa kama megajuli moja ya kazi. Lita moja ya dizeli ndani ya injini ya kawaida hutoa kazi ya zaidi ya wiki nzima ya mtu huyo. Kwa hiyo unapoambiwa kwamba shamba fulani halitumii mafuta kabisa, uliza nani amebeba. Shamba lisilotumia mafuta kwa sababu wanawake wake ndio injini halistahili sifa yoyote, na mimi sitalisifu.

Ndiyo maana tulinunua mashine ya kukatia majani inayoendeshwa na mota ya umeme, na sijajuta kwa uniti hata moja. Umeme inaotumia ni kidogo sana ukilinganisha na kazi inayofanya, na majani yaliyokatwa vipande vifupi ng'ombe hachagui, hatupi mashina chini ya hori. Kwa panga, sehemu nzuri ya kile kilichobebwa kichwani ilikuwa inaishia kukanyagwa. Hapo nishati inayotumika inaokoa nishati nyingine, pamoja na shingo ya mtu. Tulipanda pia gwatemala na mabingobingo kwenye kingo za mifongo na matuta ya mteremko, na desmodium katikati yake, na miti ya malisho, lusina na kaliandra, kwenye mpaka mahali palipokuwa na uzio mkavu. Mzigo sasa hutoka hatua chache kutoka bandani. Desmodium hutambaa, hufunika udongo, na hunasa naitrojeni kwa ajili yake na kwa ajili ya jirani yake. Ng'ombe wanaipenda kiasi cha kutafuta kwanza majani yake ndani ya mchanganyiko.

Lakini mimea ya kunde peke yake haitoshi kwenye kishamba kidogo kama chetu. Naitrojeni nyingi tuliyo nayo tayari ipo bandani, na karibu nusu yake iko kwenye mkojo. Watu wanathamini samadi, wanaigombania hata. Mkojo wanauacha uzame kwenye udongo wa sakafu au ukauke juani. Mkojo wa ng'ombe mmoja wa maziwa kwa mwaka mzima unaweza kubeba naitrojeni inayokaribia mfuko mzima wa urea. Rudi kwenye hesabu ya juu: ni lita 30 za dizeli, zinapotea kama harufu kali ya amonia inayokuchoma pua unapoingia banda lisilo na sakafu asubuhi. Harufu hiyo ni naitrojeni inaondoka.

Banda letu lina sakafu ya zege yenye mteremko mdogo, na nyuma ya ng'ombe unapita mfereji wa upana wa koleo. Mkojo unatiririka wenyewe hadi kwenye karo la kuchanganyia la mtambo wa biogesi, unakutana na kinyesi kilichosukumwa kwa koleo, na unachukua nafasi ya sehemu ya maji ambayo vinginevyo ingebidi yachotwe. Anayechanganya hukoroga kwa mti mpaka mabonge yaishe na mchanganyiko uwe kama uji mwepesi, anaondoa mabua na mawe, kisha anazibua tundu na kuuachia uingie. Upande wa pili, tope lililokwisha kutoa gesi linapanda taratibu na kumwagikia kwenye shimo lenye kivuli. Halina harufu ya samadi mbichi na inzi hawalitaki. Hapo pana kazi ya haraka: likikaa juani, naitrojeni inaondoka kama ilivyotaka kuondoka mwanzo, kwa hiyo huchotwa na kumwagwa kwenye vijishimo kuzunguka migomba na mistari ya majani, na kufukiwa siku hiyo hiyo. Fundi aliyetujengea alijifunza kazi kwa mafundi waliolelewa na kituo cha CAMARTEC cha Arusha, ambacho kilianza kusambaza mitambo hii katika miaka ya 1980. Saruji yake nayo ilichomwa kwenye tanuru, sikatai. Ila mtambo uliojengwa vizuri unaishi miaka mingi.

Kinyesi cha ng'ombe wawili wa ndani, kilo 40 hivi kwa siku, hutoa mita za ujazo zipatazo 1.6 za gesi. Jiko linawaka saa nne au zaidi. Kwa nishati ni megajuli 35, yaani karibu lita moja ya dizeli kila siku, na naitrojeni yote bado iko kwenye tope. Kwenye mafiga matatu, ambako joto jingi hupotea na moshi, ungehitaji karibu kilo 10 za kuni kupata mapishi hayo. Ukiniuliza kitu kimoja kinachobadilisha hesabu ya nishati ya mfugaji mdogo wa mlimani kuliko vyote, nitakuonyesha mfereji ule wa nyuma ya ng'ombe.

Majirani zangu kadhaa wanalima kahawa ya kilimo hai, na wana cheti chao. Tangu mwaka 2007 nchi za Afrika Mashariki zina kiwango kimoja cha mazao ya kilimo hai na alama ya Kilimohai, na juhudi kubwa hapa Tanzania imekwenda kwenye mazao ya kuuza nje kama kahawa, pamba na viungo. Maziwa yamebaki nyuma. Katika baadhi ya mashamba hayo hayo yenye cheti, samadi hulundikwa uani bila paa. Mvua za masika zinainyeshea, maji meusi yanateremka hadi kwenye mfongo, na mwezi wa sita kinachobaki kwenye lundo ni nyuzi. Hakuna kanuni iliyovunjwa. Lakini shamba hilo limepoteza kile ambacho kilimo hai kimejengwa juu yake, na mwakani mwenye shamba atalalamika kwamba kilimo hai hakizai.

Kuzaa nako kuna hesabu yake, na hapa wafugaji wa kawaida wana hoja ambayo ni lazima niiheshimu. Ng'ombe chotara wa kilo 400 hutumia chakula kingi kujiweka hai tu: kupumua, kusimama, kucheua. Chakula hicho peke yake kingetosha kutengeneza lita tisa hivi za maziwa. Akitoa lita tano kwa siku, karibu theluthi mbili ya kila anachokula inaishia kwenye mwili wake. Akitoa 15, sehemu hiyo inashuka hadi asilimia 40 hivi tu. Kwa hiyo ng'ombe anayenyimwa chakula kwa jina la kilimo hai ni mpotevu wa nishati, hata kama hajagusa urea maisha yake yote. Kilo moja au mbili za mashudu na pumba wakati wa kukamua, kwa ng'ombe mwenye uwezo, zinalipa dizeli iliyozileta. Ushauri wangu kwa wafugaji ni nunueni mashudu, msinunue urea. Mashudu yanaingia kwa ng'ombe, na naitrojeni inayotoka nyuma inabaki shambani mwenu.

Kuhusu magonjwa nitasema kwa kifupi. Mtamba akifa kwa ndigana kali, miaka miwili ya majani, mabua na mashudu imekwenda naye. Kilimo hai hakikatazi chanjo wala hakisemi mnyama mgonjwa aachwe bila dawa. Kinachokatazwa ni kumlisha dawa kila siku kana kwamba ni chakula. Kuzuia ugonjwa wa kiwele kwa mikono safi, maji ya uvuguvugu na kukamua mpaka mwisho kunaokoa nishati nyingi, maana kila lita inayomwagwa imeshakula kila kitu ambacho lita ya kunywa ilikula.

Kumwaga kunaniuma kuliko yote. Kupoza lita moja ya maziwa hakuhitaji umeme mwingi. Tenki zuri hutumia uniti 20 hivi kwa lita 1,000. Shida ni umeme ukikatika. Nimeshuhudia kituo kimoja cha kukusanyia maziwa, ambacho sitakitaja, kikikaa bila umeme tangu jioni hadi asubuhi huku jenereta likiwa halina mafuta, na maziwa ya wanawake wa zaidi ya kijiji kimoja yakikwama kwenye kipimo cha spiriti. Waliambiwa waje kuchukua madumu yao. Hakuna aliyelipwa. Dizeli ya saa chache ingeokoa nishati ya siku nzima ya mamia ya ng'ombe, na hiyo ni dizeli ambayo ningeimwaga kwenye jenereta kwa mikono yangu bila kuona haya mbele ya mkaguzi yeyote. Huko Nronga, hapa hapa Hai, wanawake walijenga ushirika wao wa maziwa tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, wakaonyesha kwamba maziwa yakisimamiwa na wenye kuyakamua hufika salama. Vituo vya namna hiyo ndivyo vinavyostahili kupewa paneli za jua na matangi ya barafu kwanza, kabla ya mtu kuzungumzia alama za kubandika kwenye pakiti.

Baada ya maziwa kutoka kwetu kuna hatua moja zaidi, na hii wafugaji hawaizungumzi kwa sababu wanaona si yao. Kuchemsha lita moja kwa mafiga ya kuni hula megajuli mbili hadi tatu, kwa kuwa sehemu kubwa ya moto inapotelea pembeni ya sufuria. Rudi juu utazame: ni kiasi kinachokaribia nishati yote iliyotumika kuzalisha kilo ya maziwa ya kilimo hai kule Uholanzi. Kwa familia inayokunywa maziwa yake yenyewe, kuhamia kwenye jiko la gesi ya samadi ni mabadiliko makubwa kuliko kuacha urea. Hilo nimelisema kwenye semina za kilimo hai na halikupokelewa vizuri. Nitaendelea kulisema.

Kinachonisumbua mpaka sasa ni kiangazi. Miezi ya mvua shamba linajilisha. Likiingia jua la Agosti hadi Oktoba, pikapu zinaanza kupanda. Hatutaweza kuziondoa, lakini zinaweza kupanda zikiwa zimejaa. Kaya chache tumeungana, tumetengeneza kasha la mbao la kubania marobota, mabua yanakanyagwa humo ndani na kufungwa kwa kamba tatu kabla ya kupakiwa. Pikapu iliyokuwa inabeba kilo 500 sasa inakaribia tani, na kwa umbali ule ule dizeli ya kila kilo imeshuka karibu nusu. Mwenye gari alinung'unika mwanzoni kuhusu springi zake, tukakubaliana nauli mpya. Huko chini, katikati ya mistari ya mahindi, tumepanda ngwara, ambayo hubaki kijani wakati mahindi yameshakauka, inanasa naitrojeni kwenye shamba ambalo wenyewe walikuwa wanalitilia urea, na inavunwa pamoja na mabua ili robota lipande na protini yake. Mwenye shamba huchukua mbegu za ngwara, ambazo zina soko zuri hadi Kenya, nasi tunachukua majani. Msimu ujao tunataka kuongeza eka nyingine mbili, na mazungumzo na wenyewe yameshaanza.